Neno "invaluable" lilivyoinyima samadi migomba ya mama

Wakuu, salaam kwenu mlioko kazini na kwetu sisi wa barazani.

Naanza na ujinga wangu, mtakaocheka mcheke mapema: niliwahi kumfanya mama agawe samadi yote ya nyumbani kwa sababu ya herufi mbili. Kweli tupu, kijijini kwetu Kirushya wapo wanaokumbuka.

Nilikuwa sekondari, enzi za Ujamaa, muda mfupi kabla ya vita ya Kagera. Vitabu Kiingereza kitupu, ukurasa mmoja unanitoa jasho.

Mwalimu wetu akatupa mbinu: neno refu lisikutishe, likate vipande. "Un" au "in" mbele inakanusha. "Able" nyuma ni kama "-ika" yetu: breakable, inavunjika.

Wakuu, nilipona. Nikawa nakata maneno kama nyama ya Krismasi.

Likizo ikafika, mama akaniagiza nipeleke samadi ya mbuzi kwenye migomba. Mimi na jua hatujawahi kuelewana, basi nikajichimbia ndani na kitabu cha kilimo. Nikakuta: "Manure is invaluable to the banana farmer."

Nikakata. In, si. Value, thamani. Able, -ika. Kumbe samadi haina thamani kwa mkulima wa ndizi!

Nikamkimbilia mama kumpa habari. Aliuliza kitu kimoja tu: "Kitabu ndivyo kinavyosema?"

Nikasema ndivyo. Kwake kitabu cha shule na kitabu cha sala vilikuwa daraja moja.

Jirani yetu Mzee Bazili aliposikia, akajitolea kutuondolea huo uchafu. Alibeba tenga baada ya tenga, anapiga mluzi.

Vita ikaja. Balozi wa nyumba kumi akatangaza kila kaya itoe mkungu wa ndizi kwa ajili ya askari wetu. Mkungu wa Mzee Bazili ulibebwa na watu wawili. Wa mama niliubeba mimi, kwa mkono mmoja, mbele ya kijiji kizima.

Mama alinifuata nyuma, macho kwenye mkungu wa Mzee Bazili. Hapo ndipo paliuma.

Niliporudi shule nikamweleza mwalimu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe, baraka zisizohesabika ni sifuri?"

Ndipo nikaelewa. Thamani ya samadi haikadiriki!

Mbinu ile sijaitupa. Nawafundisha watoto wa mtaa wetu hapa barazani, na vitabu vya masomo vinawafungukia kweli. Ila nimeongeza kitu: ukishakata neno, waulize majirani zake, maneno ya kulia na kushoto. Samadi na mkulima wakikaa sentensi moja, hawawezi kuwa maadui.

Kama kuna neno lilikuponza, lilete hapa tulikate pamoja.

Mimi majirani wa neno sikuwauliza, nikaenda kumuuliza jirani wa nyumba. Likizo iliyofuata nilimpigia Mzee Bazili shikamoo ya heshima zote, nikaomba walau tenga moja lirudi. Akaitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini.

"Samadi hupati. Ila kusoma usiache, kijana wangu. Ukisoma wewe, nashiba mimi."