Mto wa Shanga Uliomwagika Kasongo

Saa nne na dakika kumi asubuhi niliwasha njiti ya kiberiti, na aibu yangu yote ilianzia hapo. Mpaka leo nikipita Kasongo navuta kofia mpaka kwenye nyusi, maana kuna watu wanaoniita Papa Kidole, na siwezi kuwakatalia.

Mimi natengeneza radio, mjini Kabambare. Kazi ya shanga nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua mkoba wa zamani wa marehemu mama yangu na kuushona upya, mara nyingi, mpaka nikaelewa (mke wangu alikuwa akifunga mlango ili majirani wasinione). Basi kanisa lilipoamua kuchangisha pesa za mabati ya nyumba ya kujifungulia, ambayo paa lake liling'olewa na upepo, nikajitolea kushona kitambaa cha kutundika ukutani, kiuzwe kwenye mnada Kasongo. Binti yangu Riziki alikuwa karibu kujifungua humo humo, na mvua zilikuwa zimeanza. Nikachora mto Lualaba kwa shanga za buluu, kutoka juu mpaka chini, na mitumbwi mitatu niliyoishona kwa uzi wake, na hapo nikafanya ujanja: badala ya kupiga fundo kila mstari kama mama alivyofanya, mto mzima niliutunga kwenye uzi mmoja wa nailoni, ule wa wavuvi, wenye fundo moja tu chini kwenye kona, ili maji yaende bila kukatika. Nilijiona nimemzidi mama.

Asubuhi ya mnada, nyuma ya ukumbi, niliona ncha ya uzi imechomoza kwenye fundo, ikanikera (mimi ni mtu wa kukerwa na vitu vidogo). Mkasi sikuwa nao. Nikagusisha moto. Nailoni haiungui kama pamba, inakimbia: ikajikunja, ikala ncha, ikala na fundo. Niliubana uzi kwa kidole gumba na cha shahada kabla shanga ya kwanza haijatoka, na saa ileile nikasikia naitwa ndani.

Ningesema palepale, wangecheka kidogo na mambo yangeisha. Sikusema. Niliingia nimebana.

Mnada wa kwetu uko hivi: kila anayepandisha bei anatia kwenye beseni kile alichoongeza, na hakirudi, anayeongeza wa mwisho ndiye anayechukua kitu. Papa Amisi, aliyekuwa akiuza, akataka kitambaa kipite benchi kwa benchi, watu wakiguse. Kikapita, nami nikapita nacho, nimeinama, kona yake mkononi kama mtu anayeongoza mbuzi. Akaniambia niachilie. Nikasema nakisindikiza. Mama mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti kama ninauza kitambaa ao ninajiuza nacho, na kama ni hivyo, mke wangu ametoa ruhusa? Watu wakacheka, na kwa kicheko hicho wakazidi kuongeza pesa.

Hapo ndipo hofu ilinishika kweli. Kila noti iliyoanguka kwenye beseni niliiona kuwa deni langu. Jasho likaanza kutoka kwenye vidole, na nailoni ikilowa inateleza. Nilihisi shanga ikisukuma ukucha wangu kama kitu chenye uhai. Kuhamisha mkono sikuweza, ncha ilikuwa fupi kama punje ya mchele. Niliomba Mungu bei isimame, ikapanda. Kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba mkono wangu umefungwa kwa dawa, wakasogea mbali nami.

Mwishoni Mama Zaina, muuza mawese wa sokoni, alitia noti nyingi kwa mara moja na hakuna aliyemfuata. Akaja mpaka mbele yangu, akanyoosha mkono wa kuume anisalimie.

Wa kuume wangu ulikuwa umebana mto. Nikampa wa kushoto.

Aliutazama, hakuupokea.

"Kushoto?" alisema polepole. "Mbele ya watu? Mimi niko nani kwako, Papa?"

"Mama, unisamehe. Huu mwingine iko na kazi."

"Kazi gani?"

Nikampa wa kuume.

Lualaba ikamwagika. Shanga zilianza moja moja, kisha zote pamoja, kwa sauti ya mvua juu ya mabati ambayo hatujayanunua. Papa Amisi akazikanyaga, akakaa chini bila kutaka. Kitambaani ilibaki mitumbwi mitatu juu ya nguo tupu. Mtu akasema pesa zirudishwe, wengine wakainuka kuelekea kwenye beseni, na mimi nikamwona akilini Riziki amelala chini ya mbingu. Ndipo nikasema yote, ujanja wangu na moto wangu.

Mama Zaina alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawatangulia kwenye beseni.

"Feza ya mabati, hakuna mutu ataigusa," akawaambia. "Wanawake watazalia wapi, mu mvua? Lakini yangu naichukua. Ninyi mulitoa zawadi. Mimi nilinunua kitu, na kitu hakiko."

Akahesabu zake, akatoka bila kuniaga.

Pengo lile la beseni nililijaza mimi, kwa kuuza radio yangu kubwa. Riziki alijifungua mtoto wa kike, usiku wa mvua, chini ya paa. Tangu siku ile kila mstari naupigia fundo lake, na ncha ikichomoza naiacha ichomoze. Hasara niliyolipa mfukoni mwangu: faranga elfu mia moja na hamsini.