Mpokea Wageni Msibani kwa Chande

Usiku ule nilisikia kicheko kabla sijaona chochote. Kicheko cha kukwaruza koo. Nikajua ni Chande. Rafiki yangu, mtani wangu, niliyeanza naye kuandika mfumo endeshi wa mashine inayofuatilia pumzi za watoto njiti. Tulimzika kabla ya masika. Mashine bado ilikuwa inaganda, na asubuhi Sista Rehema, muuguzi wa wodi ya watoto, angekuja kuichukua. Ikigandia wodini, mtoto anaweza kuacha kupumua na king'ora kisilie.

Giza linafunguka. Ni msibani kwa Chande, na mwenyewe yuko kando yangu ndani ya kanzu nyeupe. Mimi ndiye mpokea wageni. Hodi inapigwa, nyumba nzima inaganda: mpishi na upawa wake, mpira wa watoto hewani. Hakuna atakayesogea mpaka nimalize na mgeni. Ndivyo ilivyo ndani ya mashine: kifaa kikipiga hodi, kazi iliyokuwa ikiendelea inakatizwa.

Nataka kumpa mgeni chai. Ufunguo wa stoo anao mpishi. Namsubiri. Kivuli cha mgeni kinarefuka ukutani, nami bado namsubiri.

"Mnyamwezi wewe!" Chande anacheka. "Unamsubiri mtu anayekusubiri wewe. Mtazeekea hapo."

"Sasa mgeni nimpe nini?"

"Mpe mkono, pokea pole yake, mwambie apite. Mlangoni hakupikwi. Chai wataipika wa ndani ukishawaachia."

"Na hodi ikipigwa mpishi akiwa stoo?"

"Mwenye ufunguo asikatizwe. Hodi ingoje kidogo, aurudishe. Ila asilale humo!"

Nampa mgeni mkono. Mpira unadunda, pilau inanukia, na mkono wa Chande uko begani kwangu, mwepesi, wa moto.

Nikaamka machozi yakinitoka, na yalikuwa ya shukrani. Nikaketi kwenye kompyuta. Kweli, kipokezi changu cha makatizo, yule mpokea hodi wa mashine, kilikuwa kikisubiri kufuli iliyoshikwa na kazi ileile kiliyoisimamisha. Sasa kinapokea pumzi, kinaiweka kwenye foleni, kinaondoka. Na penye kufuli, makatizo yanazuiwa kwa kitambo tu. Nikaijaribu mashine mpaka jua likatoka. Haikuganda.

Sista Rehema alipofika aliitazama kwa mashaka.

"Imepona?"

"Imepona. Chande kaitengeneza."

"Chande huyu marehemu?"

"Huyohuyo. Na maneno yake bado makali."

Akacheka, akafuta macho kwa kiganja. "Mungu amlaze pema." Akaikumbatia mashine kama mtoto, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.