Kesho Nyingi za Kibanja Kimoja

Mpaka leo sijaelewa kwa nini bibi mmoja wa Nyakatuntu alimwamini mtafiti aliyekiri hajui. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeingia shina moja la mgomba, lililoota juu ya kaburi la mumewe. Kwenye kompyuta, mtafiti alikipitisha kibanja cha bibi, shamba lake la migomba, katika misimu mingi ya kubuni. Kila mara ugonjwa ulifuata njia nyingine, na karibu kila mara migomba yote ilikauka. Niliketi kando yao nikitazama hadi chai ikapoa mkononi mwangu.

“Mjukuu wangu, ipi ndiyo ya kweli?” bibi akamuuliza mtafiti.

“Sijui, bibi. Ila shina hilo likikatwa leo, mara nyingi kibanja kinapona.”

“Si mara zote?”

“Si zote.”

Bibi akapitisha panga motoni lisiambukize mashina mengine. “Mzee, unisamehe,” akasema akilitazama kaburi, akalikata shina mwenyewe.