Nilivyofuata Udongo Saint Paul

Nilikwenda Amerika kuchukua udongo. Nasema hivyo mapema kwa sababu hapa Bungoma walieneza habari kwamba Mzee Barasa amekwenda kutembea. Sikwenda kutembea. Mwanangu Elisha alifia huko, moyo ulisimama akiwa kazini katika nyumba ya kutunzia wazee, na akazikwa huko huko. Mimi walininyima viza mara mbili, na mkewe hakuweza kumsafirisha. Kwetu mtu akizikwa mbali, baba yake huenda kuchukua udongo wa kaburi ukazikwe nyumbani, karibu na babu zake. Usipoletwa, mtu huyo bado yuko njiani. Miaka miwili Mama Elisha aliniuliza swali moja tu: utakwenda lini? Viza ilipotoka mara ya tatu, nilichimba shimo dogo nyuma ya nyumba kwa mikono yangu, nikaliacha wazi, nikaondoka.

Nilichagua Januari. Shule niliacha darasa la tatu, lakini nimeuza mchanga na kokoto miaka arobaini. Niletee udongo, nitakuambia kwa vidole umetoka mto gani. Januari ni kiangazi. Udongo wa kiangazi ni mkavu, ni mwepesi kubeba, haushiki ukungu njiani. Hivyo ndivyo nilivyopanga, na hakuna aliyenibishia.

Alhamisi mchana ndege ilitua Minneapolis. Aliyenipokea ni Wafula, kijana wa kijiji chetu anayeendesha gari la kupeleka wagonjwa hospitali. Alikuja na koti nene mkononi.

"Mzee, vaa hili. Hilo lako ni la harusi."

"Limekwenda matanga mengi kuliko harusi," nikamjibu, lakini nililivaa lake. Nje hewa ilinikata pua.

Nililala kwa Wafula, mtaa wa New Hope, maana baba mkwe halali chini ya paa la mkamwana. Agnes, mjane wa Elisha, alikuja kuniamkia jioni. Alisimama karibu na mlango, hakunipa mkono. Nikaona hajasahau mila, mkamwana hampi baba mkwe mkono. Alikuwa na binti yao, Nekesa, miaka kumi na mmoja, uso wa Elisha mtupu. Nilimsalimia kwa Kiswahili, akanijibu Kiingereza akitazama viatu.

"Anasikia kila kitu, Baba," Agnes akasema. "Kujibu ndiko kunamshinda. Jumamosi ana mchezo wa kuigiza. Utakuja?"

"Nimekuja kwa udongo."

"Najua, Baba. Udongo kesho. Mchezo Jumamosi."

Ijumaa asubuhi tulikwenda makaburini, ng'ambo ya Saint Paul. Sikuona kaburi hata moja. Theluji tupu, imelala kama shuka. Huko mawe ya makaburi hulazwa chini, sawa na nyasi. Agnes alihesabu hatua kutoka kwenye mti, Wafula akawa anapiga theluji teke mpaka jina la mwanangu likatokea.

Nilipiga magoti, nikatoa mwiko wangu wa ujenzi. Nikachoma. Mwiko ulilia kama umegonga reli. Nikapiga tena, nikapiga mpaka kifundo cha mkono kikafa ganzi, na sikupata hata udongo wa kujaza ukucha. Mlinzi wa mahali pale akaja na trekta dogo, Wafula akanitafsiria.

"Anasema ardhi imeganda mpaka chini. Hadi Aprili. Hata wao wakitaka kuzika sasa, huipasha moto kwanza."

"Mwambie tuipashe."

"Mzee, hiyo sitamwambia. Amesema pia kuchimba hairuhusiwi."

Kungoja Aprili sikuweza. Mama Elisha alikuwa kitandani kwa nyonga iliyovunjika, nimemwachia jirani, na tiketi ya kurudi ilikuwa ya Jumatatu. Tukarudi garini. Nikamuuliza Agnes ni nani alimtupia mwanangu udongo siku ile.

"Hakuna, Baba," akasema. "Huku ibada ikiisha, watu huambiwa waende wakale. Mashine hufukia baadaye."



Jumamosi mchana Wafula alinipeleka kwenye mchezo. Ukumbi ulikuwa mdogo, katika mtaa wa Frogtown, karibu na reli ya treni ya mjini. Mchezo wenyewe ulitokana na hadithi alizoandika mshairi mmoja wa Wales kuhusu utoto wake, mji wake wa pwani, mvua na mashangazi. Nekesa ndiye aliyekuwa mshairi, amevaa kofia ya kiume. Theluji ya karatasi ilimwagwa kutoka juu na watu wakafurahi. Mimi nilikuwa nimeichoka theluji.

Ikafika sehemu ambapo ndege wa shangazi amekufa. Nekesa akamlaza katika kasha la udongo, akaanza kumfukia kwa mwiko wa jikoni. Watu wakacheka. Udongo wa kwanza ulipoanguka, nikasimama, nikavua kofia. Kwetu hakuna anayekaa kitako wakati wa kufukia.

Wafula akanivuta koti. "Mzee, ni ndege. Tena wa kitambaa."

Sikukaa. Nekesa akaniona, maneno yakampotea. Akaendelea kufukia kimya, polepole, mpaka ndege asionekane tena. Ndipo nikakaa.

Baadaye alinijia na kikombe cha karatasi kilichojaa ule udongo. Akasema maneno mengi kwa Kiingereza. Agnes akanitafsiria.

"Anasema siku ile alitaka kumtupia babake udongo, wakamkataza. Kwa hiyo kila wanapocheza, yule ndege ni babake. Anasema uupeleke kwa Kukhu." Kukhu ni nyanya yake, mke wangu.

Nikatia vidole kikombeni. Mwepesi kama majani ya chai, una chembe nyeupe, udongo wa mfuko, wa dukani, wa kupandia maua.

"Huu si udongo," nikasema.

Ulikuwa ukweli. Sijawahi kumwambia mteja kitu kingine. Hakuna aliyetafsiri. Mtoto alifunika kikombe kwa kiganja, akageuka, akaenda zake.

Jumatatu hakuja uwanja wa ndege. Agnes alisema yuko shule.

Jumatano nilifika nyumbani. Mama Elisha alikuwa amejiinua kitandani, viganja vyote viwili amevikunjua. Nilimsimulia yote, mwiko, trekta, mashine, kikombe. Nilipofika kwenye kikombe akanikatiza.

"Ukaukataa?"

"Haukuwa udongo wa kaburi, Mama Elisha. Ulinunuliwa."

"Nani aliushika?"

Akarudisha mikono chini ya blanketi, akageukia ukuta.

Nilimpigia Agnes siku hiyo hiyo. Akaniambia mchezo uliisha Jumapili, jukwaa limevunjwa, kasha limemwagwa. Nikamwomba anipe Nekesa. Nilisikia mtoto akipumua kwenye simu. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, nilikosea." Sikusikia jibu, hata la Kiingereza.

Kwa wenzangu mlio na watu wenu waliolala huko: msiende Januari. Subirini ardhi yao ilainike. Na mtoto akikupa kitu, kipokee kwa mikono miwili, utapima baadaye. Mimi nimepima udongo miaka arobaini, na ule niliupima vibaya.

Viza nyingine niliomba, hawakunipa. Mvua za Machi zimeanza. Shimo nimelifunika kwa kipande cha bati na jiwe juu, lisijae maji.