Karatasi ya Maman Nsimire

Maziwa ya mama yakilowesha nguo na kukauka hutoa harufu tamu yenye uchachu kidogo, na haitoki kwa kufua mara moja. Mwaka huu naijua vizuri, maana namnyonyesha mtoto wangu wa kwanza. Lakini nilianza kuijua nikiwa na miaka kumi na mmoja, sebuleni kwetu Kamembe, na aliyenukia hivyo ni mwanamke niliyemfanyia ubaya kwa sababu ya mpira.

Maman Nsimire alivuka kila asubuhi kutoka Bukavu, upande wa Kongo, na beseni la sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Kabla ya kwenda sokoni alipitia kwetu, akamwachia Mama karatasi yake ya kuvukia mpaka, kwa kuwa maji ya samaki yalikuwa yameshamharibia mbili. Mama aliiweka ndani ya kopo tupu la majani ya chai. Jioni Maman Nsimire aliichukua, akatuachia konzi ya sambaza, akaharakisha kurudi kwa binti yake mchanga, Nsimire, aliyeshinda na bibi yake. Alikuwa mcheshi, na mimi nilimpenda.

Kisha yakaja mashindano ya mataifa ya Afrika, na timu yetu ikapangiwa Kongo. Mwanzoni watu walitaniana tu. Siku zilivyosogea, utani ukaanza kuchoma, hata wauza nyanya wawili waliokaa mkeka mmoja miaka yote wakaacha kusalimiana. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na alinishonea gauni la rangi za bendera yetu. Nilitamba nalo mtaani kama vile mimi ndiye golikipa. Maman Nsimire aliponiona alicheka sana. “Zuhura, mama, tayarisha kitambaa ya machozi! Jumamosi mutalia!” Mimi sikucheka.

Jumamosi alasiri tulijazana kwenye duka la jirani lenye televisheni, sisi upande mmoja, wachuuzi wa Bukavu upande wa mlango. Tulifungwa dakika za mwisho. Wale wa Bukavu wakalipuka kwa kugonga masufuria, na Maman Nsimire akacheza na beseni lake tupu kichwani. Aliponiona nimenuna, akanishika mashavu. “Pole, mutoto yangu. Ni mupira tu.” Kucheza kwake ningekuvumilia, ile pole ndiyo iliyonikata maini. Nilikimbia nyumbani, nikaitoa karatasi kwenye kopo, nikaificha katika droo ya cherehani, chini ya nyuzi. Nilitaka tu wenzake wavuke daraja la mpakani wakiimba na yeye abaki nyuma. Ningependa kusema kwamba mtoto wake sikumkumbuka. Nilimkumbuka, nikajiambia atapewa uji.

Alipokuja kuchukua karatasi, kopo lilikuwa tupu. Mama alipekua kabati, vitanda, hata gunia la mkaa. “Bale ba ku mupaka habataniacha nipite bila karatasi,” alisema Maman Nsimire, na kicheko chote kilikuwa kimemtoka. “Nsimire hajanyonya tangu asubuyi.” Baba akafuatana naye mpakani kumwombea, wakarudi wawili vilevile. Saa kumi na mbili mpaka ulifungwa. Alikaa kwenye kiti chetu, na blauzi yake ikaanza kulowa kifuani, madoa mawili yakizidi kutanuka, huku akiyafunika kwa mikono mbele ya Baba. Mama akamfunika kwa kitenge chake. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka kwenye cherehani, na sikufungua mdomo. Niliogopa fimbo. Hiyo ndiyo niliyoipima na njaa ya mtoto mchanga, nikaona fimbo ni nzito zaidi.

Asubuhi nikapiga kelele kwamba nimeiona karatasi nyuma ya kabati. Maman Nsimire alinikumbatia. Kifua chake kilikuwa kigumu kama jiwe, na ile harufu ikanijaa puani. “Mungu akubariki, mutoto muzuri,” alisema, akilia. Mama aliishika karatasi kwanza kabla ya kumpa. Pembeni kulikuwa kumenasa uzi wa kijani, ule wa gauni langu. Aliuondoa, akaukunja kiganjani, akanitazama. Hakusema kitu siku ile, na hajasema hadi leo.

Siku hizi mechi tunatazama kwenye simu, kila mtu na yake, na watu wanatukanana humohumo bila kuonana uso. Mimi siwezi kuwacheka. Mwezi uliopita Maman Nsimire alivuka kuja kumwona mtoto wangu, na konzi yake ya sambaza mkononi. Alikuja na Nsimire, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu na amenipita kimo. “Salimia yaya Zuhura, dada yako mukubwa,” alimwambia. “Ni yeye aliona karatasi yangu ile siku.” Msichana akanipa mikono yote miwili kwa heshima. Nikapiga moyo konde, nikaanza kusema, “Maman, ile karatasi...” Mtoto wangu akaamka analia. “Nyonyesha kwanza, mama,” alinikatiza Maman Nsimire, akinilegezea kitenge mwenyewe. “Usimuache na njaa.” Nikanyonyesha, uso nimeuinamisha, mpaka muda wao wa kuvuka ukafika, wakaondoka.