Chapati Isiyozunguka

Nakumbuka Ijumaa moja niliposimama mbele ya darasa zima, chuoni katikati ya jiji, nikijiona mchoraji hodari kuliko wote. Mwanangu, ujana una kiburi chake, na wangu ulitosha watu watatu.

Tulikuwa tukijifunza uhuishaji, ile kazi ya kuzifanya picha zitembee. Siku hizo tulichora kwa penseli, karatasi juu ya karatasi, kwenye kioo chenye taa chini yake. Sekunde moja ya filamu ilimeza michoro kumi na miwili. Mradi wangu wa mwisho, ule wa kuamua kama nafuzu au narudia mwaka, ulimwonyesha mama yangu akisukuma chapati. Niliumaliza kabla ya wenzangu wote, nikatamba.

Mwalimu Gurdip, mzee wa Kisikh mtulivu kama maji ya mtungi, akaitazama filamu mara mbili, akavua miwani.

"Hiyo chapati yako haizunguki," akasema. "Mama yako anaizungusha na mkono gani?"

Maisha yangu yote nilizila chapati hizo, na sikujua. Badala ya kukiri, nikajibu, "Lakini mwalimu, si ni katuni tu?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Filamu ni katuni. Mama si katuni. Jumapili kaa jikoni bila penseli. Jumatatu uanze upya."

Kuanza upya! Michoro mia na ishirini! Nilinung'unika njia nzima hadi Kileleshwa, ambako mama alikuwa mpishi wa familia moja, nasi tukikaa chumba cha nyuma. Nilitaka kukaidi, lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu nililipenda.

Jumapili mama alikuwa na mapumziko, akakanda unga wetu wenyewe. Usinione mvivu, mwanangu. Hakuwahi kuniruhusu kuugusa. Kila nikisogea angesema, "Toka hapa, enda usome." Siku hiyo nikavuta kigoda, nikaketi.

"Kwani nimekukosea nini? Mbona unaniangalia hivyo?"

"Ni kazi ya shule, mum."

Mti wa kusukumia ulienda mbele, ukarudi, kisha vidole vya mkono wa kushoto vikaigeuza chapati kidogo. Kumbe duara lilitoka hapo! Lakini nikaona na jingine. Kila baada ya chapati mbili mama aliuweka mti chini, akaukandakanda mkono wake wa kulia, akauma mdomo, akaendelea.

"Mum, huo mkono unauma?"

"Si sana. Ni hii kazi tu. Ulianza kuuma ukiingia sekondari."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungewacha vitabu uje unisaidie."

Nililia, sikufichi. Penye miti hakuna wajenzi: nilimchora mama kutoka kichwani, na mwenyewe alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, akiumia. Nikauchukua ule mti mkononi mwake. Chapati zangu za kwanza zilitoka kama ramani, tukazila tukicheka.

Nilichora yote upya. Siku ya maonyesho mama aliketi safu ya mbele, na mama wa michoro alipouweka mti chini na kuukandakanda mkono, akasema ukumbi mzima ukasikia, "Ai, huyo ni mimi kabisa!"

Nilifuzu. Namshukuru Mwalimu Gurdip mpaka leo kwa kunikatalia. Namshukuru Mungu pia kwamba mama yungali hai. Tangu nipate kazi hajasukuma chapati, anazila zangu na kuzikosoa.

Nyinyi mna kompyuta zinazojaza michoro ya katikati zenyewe, nami siwalaumu. Ila kompyuta haitakuambia ni mkono gani unaomuuma mama yako. Mwanangu, mtazame mtu mpaka umwone, ndipo umchore. Na ukishamwona anaumia, usikimbilie karatasi. Mpokee mzigo kwanza. Mungu aipe mikono yako ustadi, ayape macho yako huruma, na akutunzie wanaokulisha mpaka nawe uwalishe.