Sikio la Ansima ndani ya beseni la arusi

Nawasimulia mwenyewe kwa sababu najua mmeshaisikia kwa wengine, na kule Kasha wameitia chumvi mpaka inasemekana nilimpiga maman mmoja kwa beseni. Sikumpiga. Nilimfungulisha sakoshi yake tu, mkoba wake wa mkononi, na hiyo peke yake ni aibu ya kunitosha mpaka kaburini.

Siku ile ya arusi ya binamu yetu, mdogo wangu alikuwa kazini, akaniachia binti yake Ansima, mwenye miaka sita, ambaye alizaliwa hasikii. Walimpasua huko nje ya nchi wakampandikizia kitu chini ya ngozi ya kichwa, na juu yake anavaa kifaa: kipande kimoja nyuma ya sikio, kingine cha mviringo kinanata kichwani kwa sumaku. Akikivua hasikii kitu, na kikipotea, Bukavu nzima hupati kingine. Mama yake, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ndiye dada yake mkubwa, aliniusia vizuri.

"Yaya, mukae nyuma, karibu na mulango. Sauti zote zinamuingilia pamoja, kichwa yake haiyajua kuzichagua. Akigusa kichwa, utoke naye."

"Weye ndiyo utanifundisha kulea batoto?" nikamjibu.

Basi mimi kwa akili zangu nikakumbuka kwamba babu yetu aliposhindwa kusikia tulimsogeza karibu na redio, kwa hiyo nikaona mtoto naye atafaidi akiwa karibu na muziki (na niseme ukweli, nilitaka ndugu zetu wa kijijini Katana waliokuwa wakimwita bubu wamwone akigeuka anapoitwa), nikampeleka mstari wa mbele kabisa, chini ya bafle, spika refu kunizidi, beseni letu la zawadi likiwa miguuni, la chuma lenye maua, limejaa mchele na kufungwa kwa kitenge.

Muziki ukaanza. Ansima akagusa kichwa. Nikamshusha mkono: "Acha, mama, utaharibu nywele." Akagusa tena, akasema, "Tantine, kelele ni mingi," nami nikampa fanta. Mara ya tatu sikumwona, maana animateur, mshereheshaji, alikuwa ametuita kupeleka zawadi, na mnanijua, nikiitwa kucheza mbele ya watu sisikii la mtu. Nikatupa beseni kichwani, nikakata kiuno mpaka kwenye meza ya maarusi, vigelegele juu, simu zote zinanipiga picha, nikaliweka pamoja na mabeseni mengine na kurudi nikitokwa jasho la furaha. Ansima alikuwa ametulia kabisa. Kichwani hana kitu.

Jamani! Nikampigia kelele, "Iko wapi? Umeiweka wapi?" (nampigia kelele mtoto asiyesikia, mnaona akili hiyo), akawa ananivuta kikwembe nilichojifunga, nami namtoa mkono ili nipite chini ya viti. Sikukiona. Nikamnyang'anya animateur mikro.

"Muziki isimame! Nani ameokota sikio ya mutoto?"

Ukumbi mzima ukainama, watu na suti zao, tochi za simu chini ya viti. Aliyekuwa amekaa karibu nasi alikuwa maman mmoja mnene mwenye sakoshi wazi, na hofu ikanituma kusema kwenye mikro ileile, "Maman, fungua sakoshi, tuone." Akaifungua, maskini. Mlikuwa na mapaja matatu ya kuku katika serviette. Akaniangalia akasema polepole, "Miye ndiye marraine wa bwana arusi." Msimamizi wake wa ndoa! Nilitamani ardhi inimeze pamoja na mikro.

Ansima bado ananivuta. Mwishowe nilikaa chini nikaanza kulia, na nilipokaa uso wangu ukawa sawa na wake, akaushika kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye meza ya maarusi na kunyoosha kidole: beseni. Hapo nikakumbuka nyumbani kwao. Kila jioni, akichoka na sauti, anakivua kifaa na kukinatisha kwenye mlango wa chuma, mama yake alimfundisha hivyo kisipotee. Hapa hapakuwa na mlango karibu. Alikuwa amekiweka mahali pake, vizuri kabisa, na mimi ndiye niliyecheza nacho kichwani.

Ikabidi nitembee peke yangu mpaka meza ya heshima kuomba zawadi niliyoitoa mbele ya watu wote. "Anarudisha kado!" mtu akasema, na mama wa bibi arusi akashika kifua. Nikafungua kitenge, na mchele ukamwagika, na kifaa kilikuwa pale kimenata ubavuni mwa beseni kwa ndani, alikokipenyeza chini ya kitenge, kizima.

Tulitoka nje, nikamvika. Palikuwa na upepo kidogo na mtu anaosha sahani. Nikaanza kumwomba msamaha, nikaeleza, nikalia, nikaeleza tena, mpaka Ansima akaniwekea kiganja mdomoni.

"Tantine, nyamaza kidogo. Minasikia maji."

Nikanyamaza, mimi ambaye hata padri hajaniweza, tukasikiliza sahani zikioshwa mpaka zikaisha. Siku hizi kwenye arusi mtatuona nyuma, karibu na mlango, na mkono wake ukipanda tu kichwani mimi nimeshasimama, hata kama ndio wanatuita kucheza. Na beseni nabeba la plastiki.